Chimango wa Pili na Siku ya Kisu

Mbwa walijua kabla ya watu. Tangu kulipopambazuka walikuwa wamejipanga kando ya boma, ndimi nje, macho yamekazwa langoni, kama wageni wa arusi waliosikia harufu ya pilau. Siku ya kuhasi madume wachanga wa farasi, kile kinachoangukia majani baada ya kisu kupita ni haki ya mbwa, na mbwa wa shamba la akina Larrazábal walikuwa hawajawahi kudhulumiwa haki yao.

Anselmo Ludueña alikuwa amechuchumaa mlangoni pa ghala, ananoa kisu. Alikinoa taratibu mno kwa mtu ambaye kazi hii ameifanya tangu hajaota ndevu. Kila baada ya kupitisha chuma juu ya jiwe alinyanyua macho akatazama barabara, akaona tope na maji na anga pana la nyika ya pampa lililoinama juu yake, hakuna gari wala mtu, kisha akarudi kwenye jiwe lake.

Ndani ya boma madume tisa walizunguka wakipumua mvuke. Wote wekundu wa kahawia, wote singa nyeusi na mkia mweusi, wote wamejaa tope hadi tumboni na manyoya ya kipupwe yamewakaa marefu kama ya mbuzi. Wanane walikuwa wa kuhasiwa. Mmoja hakutakiwa kuguswa hata na upepo mbaya. Na juzi usiku, katika dhoruba, mkalitusi mkubwa ulikuwa umelalia uzio wake, akatoka, akajichanganya na wenzake. Hatamu yake ya ngozi ilikutwa imening'inia kwenye seng'enge. Yeye mwenyewe alikuwa mle bomani, miongoni mwa tisa, na hakuna aliyejua ni yupi.

"Mzee Anselmo, unanoa hicho kisu au unakibembeleza kilale?"

Aliyeuliza alikuwa Rufino Arce, nyapara mpya, mwezi mmoja tu tangu aajiriwe. Maisha yake yote Rufino amekaa na ng'ombe. Kwake farasi mwekundu ni farasi mwekundu.

"Namngoja daktari," Anselmo alisema.

"Daktari yuko kwenye tope. Kapiga simu, gari limezama hadi milangoni pale bondeni, anatafutiwa trekta. Atakuja mchana, atakuja jioni, nani ajuaye? Na mwezi haungoji trekta."

Hilo lilikuwa kweli. Mwezi ulikuwa umebaki ukucha tu. Watu wa mji wa Roque Pérez hawahasi mwezi unapokua. Wanasema damu hupanda pamoja nao, na jeraha huvimba likakataa kupona. Na wakingoja mwezi mwingine, joto litakuwa limeingia, na nzi nao.

"Na akina Zurdo wamekuja leo kwa hisani," Rufino aliendelea. "Kesho wana kazi kwao. Sasa sikiliza. Huyo kijana wa maabara ana kidude shingoni, kama punje ya mchele, kila mtu anajua. Mashine ya kukisoma anayo daktari. Sisi tuna nini? Tuna wewe."

"Mpigie simu Doña Elvira umuulize ana alama gani."

"Nimpigie!" Rufino alicheka bila furaha. "Nimwambie, shikamoo mama, yule farasi wako aliyefufuliwa nimempoteza? Basilio aliyekuwa akimlisha kaacha kazi, simu yake haipatikani. Mimi nimemwona kwa mbali, kila siku amejificha nyuma ya yule jike mzee aliyewekewa wa kumliwaza. Wewe ndiye uliyeishi na baba yake, sijui kaka yake, sijui yeye mwenyewe, mnavyomwita nyie. Ingia bomani, mnyooshee kidole, tumtoe, tufanye kazi."

Anselmo akajaribu kisu kwenye ukucha wa kidole gumba. Kilikuwa tayari kitambo.

Yeye alikuwa amerudi juzi tu, siku ileile ya dhoruba. Nusu ya maisha yake imeishia ndani ya ndege za mizigo pamoja na farasi wa mchezo wa polo: majira ya kiangazi Uingereza, kisha Hispania, kisha nyumbani kwa mechi za Buenos Aires, kisha tena. Anajua kuomba ngano na maji ya moto kwa lugha nne, na kwa lugha zote nne anajua kutukana farasi kwa upole. Huyu kijana wa maabara alizaliwa mbali, tumboni mwa jike asiyejulikana, akaletwa shambani akiwa ameachishwa ziwa, wakati Anselmo yuko ng'ambo. Hakuwahi kumtia machoni.

Lakini Chimango, yule wa kwanza ambaye huyu alitengenezwa kutokana na ngozi yake, Anselmo alimjua kuliko alivyowajua ndugu zake mwenyewe. Miaka yote ya Chimango uwanjani, ni Anselmo aliyemtandika, aliyemfunga bandeji miguuni, aliyemshika hatamu kati ya kipindi na kipindi. Mdogo, shingo nyembamba, halafu mbio zake zilikuwa kama mtu aliyekumbuka jambo ghafla. Watu walikuja kutoka nchi ambazo Anselmo hakujua zilipo kwenye ramani, wakamtazama, wakauliza kama wanaweza kupata mbegu yake. Na kila mara kukawa na mtu wa kusema, "Lahaula, kahasiwa huyu! Mjinga gani alimkata?" Anselmo, akiwa ameshika hatamu, alitazama ncha za viatu vyake.

Kwa sababu ni yeye aliyemkata. Ilikuwa siku kama hii, boma hilihili, Chimango ana miaka miwili, amelazwa chini. Marehemu Don Fermín, baba yake Doña Elvira, alisimama juu yake na fimbo akasema, "Mdogo. Shingo nyembamba. Kata." Akakata. Hakuna aliyeona kosa, kwa sababu kila mtu pale hukata. Dume mwenye kila kitu chake hatulii, hupigana, huwaza mambo mengine mchezo ukiendelea.

Miaka ikapita. Chimango alipokuwa anazeeka, Daktari Noemí Bruzzone alikuja na kifaa kidogo, akachukua kipande cha ngozi shingoni, ukubwa wa dengu moja. Baadaye alikaa jikoni kwa Anselmo, akapokea kibuyu cha chai chungu na mrija wake, na Haydée, mke wa Anselmo, akamuuliza waziwazi, "Sasa daktari, haya yote ya nini? Farasi amejaa tele nchi nzima. Kwa nini mtengeneze yuleyule?"

"Kwa sababu tunawajua wakiwa wamechelewa," Noemí alisema. "Farasi wa polo ubora wake unaonekana ana miaka minane, tisa. Dume tunamkata ana miwili. Kwa hiyo tunawakata wote, halafu ndipo tunagundua tumemkata nani. Jike naye miaka yake ya kuzaa anaimalizia uwanjani. Hii ni njia ya kurudi nyuma tukaokote tulichotupa. Huyo mpya hana haja ya kucheza hata mechi moja. Kazi yake ni kuzaa watoto ambao Chimango hakuwazaa."

"Ni hilo tu?"

"Wengine wana sababu zao. Katika jamii ya farasi, wa kwanza kabisa kutengenezwa hivi walikuwa nyumbu, wale wa baba punda na mama farasi. Nyumbu hazai, akifa amekwenda na mambo yake yote. Kuna farasi wa mwituni, wa Mongolia, walibaki wachache hadi wakawa wanaoana ndugu kwa ndugu. Wakatoa ngozi ya dume iliyokuwa kwenye barafu miaka mingi, wakampata tena ili damu ichanganyike. Na kuna watu," alisema akirudisha kibuyu, "wanaotaka tu farasi wao arudi. Hao nawaambia wasinilipe, maana harudi."

"Na mume?" Haydée akauliza. "Mume akifa, mnaweza?"

"Kwa farasi tu, bibie."

"Basi afadhali. Huyu mmoja amenitosha."

Walicheka hadi chai ikamwagika. Daktari akasema jambo lingine, kuhusu baka la usoni na tumbo la mama, lakini Anselmo alikuwa bado anapangusa machozi ya kicheko, hakulishika. Alichoshika usiku ule ni kile cha kurudi nyuma kuokota. Alilala nacho. Alisafiri nacho hadi Uingereza na kurudi.

Sasa aliinuka mlangoni pa ghala, akaweka kisu kwenye ala ya mgongoni, akaingia bomani.

Madume wakakimbilia upande wa pili kwa pamoja, kama maji yakimwagwa. Anselmo akasimama katikati. Alibana midomo akapiga mluzi mfupi, sauti mbili, wa chini halafu wa juu. Ndio mluzi aliomwitia Chimango miaka yote ile.

Vichwa vikainuka. Mmoja akatoka kundini akaja.

Akaja kabisa, tope likimrukia kifuani, akasimama karibu kiasi cha kuguswa. Usoni alikuwa na baka jeupe pana lililoshuka hadi puani kisha likakata kushoto, kama mto unaokwepa kilima. Mguu wa nyuma wa kulia ulikuwa na soksi nyeupe. Chimango alikuwa na baka kama hilo. Anselmo alikuwa akilisugua baka lile kwa kitambaa kila Jumamosi kwa miaka, ling'ae mbele ya watu.

"Huyu," alisema.

"Una hakika?" Rufino aliuliza kutoka juu ya uzio.

"Nimekwambia huyu. Hakuna haja ya mashine."

Zurdo, mrusha kamba, mtu mnene wa shamba jirani anayetumia mkono wa kushoto kwa kila kitu hata kwa kusalimia, alitema mate pembeni. "Umemtambua kwa sura, mzee? Kama bibi arusi?"

"Wewe ungemtambua kwa nini?"

"Mimi? Ningengoja anipige teke kwanza."

Walimtoa mwenye baka, wakamfungia peke yake kwenye zizi dogo la pembeni. Rufino akapiga makofi mara moja. "Haya, jamani! Mbwa wamechoka kusubiri."

Kazi ikaanza. Zurdo alizungusha kamba yake, kamba ya ngozi iliyosukwa na marehemu baba yake, nyembamba, laini kama nyoka aliyetoka kujivua gamba. Tanzi likakamata miguu ya mbele ya dume wa kwanza, akaanguka kwa kishindo, Zurdo akakalia shingo, ndugu yake akafunga miguu ya nyuma kwa ncha ya kamba ileile. Anselmo akachuchumaa. Mkono ulijua njia wenyewe. Maji ya dawa, kisu, basi. Mbwa wa manjano akadaka kilichokatwa kabla hakijagusa majani. Dume akafunguliwa, akasimama akitetemeka, damu ikimchora paja la ndani, akaenda ukutani kujiegemeza.

Wa pili vilevile. Moto wa kuchomea nyama ulikuwa umeshika nyuma yao, na moshi ukapita juu ya boma pamoja na harufu ya mbavu. Mtu akaanza kuimba.

Wa tatu aliangushwa akiwa anatazama upande wa jua. Alikuwa mdogo kuliko wenzake. Usoni hakuwa na baka, ila nywele chache nyeupe katikati ya paji, kama vumbi la unga. Anselmo akachuchumaa nyuma yake, akanyoosha mkono, na kutoka pale chini, katika kiwango kile cha macho, akaiona shingo.

Ilikuwa nyembamba.

Mdogo. Shingo nyembamba. Kata.

Kisu kilikuwa tayari mkononi. Kichwani mwake, pasipo kuitwa, jiko likarudi, chai ikimwagika mezani, na sauti ya Noemí chini ya kicheko chao: *usitegemee weupe, Anselmo, weupe hupakwa tumboni mwa mama, na hapa tumbo ni lingine. Anaweza kuja hana hata doa.*

Akavuta mkono.

"Vipi?" alisema Zurdo, juu ya shingo.

Anselmo alitazama zizi la pembeni. Mwenye baka alikuwa amepitisha kichwa kati ya mbao, anaomba chochote kwa yeyote. Chimango alikuwa na kaka wa baba mmoja mama mmoja, na kaka yule alizaa hapa shambani kila mwaka, na watoto wake nusu walikuwa na baka. Na mluzi? Mluzi Chimango alifunzwa, kwa mkate mkavu, siku baada ya siku. Ngozi ya ukubwa wa dengu haibebi mluzi. Yule wa baka alikuja kwa sababu ana njaa au kwa sababu mtu fulani amemzoesha. Basilio, labda. Yeyote.

"Anselmo!" Rufino alishuka kwenye uzio. "Umepatwa na nini?"

"Tusimamishe."

"Tusimamishe nini?"

"Huenda si yule. Huenda ni huyu."

"Ulisema yule! Umesema hakuna haja ya mashine, watu wote wamekusikia!"

"Nilisema. Sasa sijui."

Neno lile lilimtoka kama jino. Katika watu wote waliokuwa pale hakuna aliyewahi kulisikia kinywani mwa Anselmo Ludueña kuhusu farasi.

"Hujui," Rufino alirudia polepole. Kisha macho yake yakaenda ukutani, kwa wale wawili wenye damu mapajani, na rangi ikamtoka. Aliona kile ambacho Anselmo alikuwa amekiona tayari: kama hajui kuhusu huyu, basi hajui kuhusu hao pia. Yawezekana jambo limekwisha. Yawezekana mbwa wa manjano analala juani na Chimango wa pili tumboni.

Hofu ikageuka hasira, kama kawaida yake. "Sikia, mzee. Kama tumeharibu, tumeharibu. Kama hatujaharibu, yule wa baka ndiye, na huyu ni wa kukatwa. Kwa vyovyote vile, kata."

"Hapana."

"Amueni basi," Zurdo alilalamika, "mimi nimekalia shingo ya mtu."

"Nipe kisu." Rufino alinyoosha mkono. "Fahali mia wamepita mkononi kwangu, sitashindwa na mtoto wa farasi. Nipe, nikuonyeshe."

"Rudi nyuma, Rufino."

"Nipe, nasema!"

Nyapara alikuwa mdogo wake kwa miaka ishirini, na mzito kuliko yeye kwa mfuko mzima wa unga. Alipomshika kifundo cha mkono, Anselmo alijua hataweza kushindana naye. Dume chini yao alihisi, akaanza kujirusha, Zurdo akapiga kelele. Basi Anselmo akafanya kitu pekee ambacho kisu kile kingeweza kufanya kabla hakijanyang'anywa. Alijitupa mbele kwa uzito wake wote, akaburuta mkono wa Rufino pamoja na wake, akapitisha makali kwenye kamba.

Ngozi iliyosukwa ililia ilipokatika. Dume akainuka kama aliyerushwa na ardhi, Zurdo akabiringika kwenye tope, Rufino akaanguka kwa makalio. Mbwa wakatawanyika.

Zurdo akajikokota, akaokota kipande kimoja, kisha cha pili, akavishika vyote viwili. Katika nchi ile mtu anaweza kukukopesha farasi wake, anaweza hata kukusamehe ukimtorosha dada yake. Kamba haikatwi. Hata ikimnasa mtu kiunoni akaburutwa, watu hufikiri mara mbili kabla ya kuikata.

"Ya baba," Zurdo alisema. Hakuwa na utani tena.

"Najua," alisema Anselmo.

"Alinisukia akiwa kitandani."

"Najua, ndugu yangu. Nilikuwepo."

Rufino akasimama, akajipangusa. Sauti yake ilikuwa imepoa, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Vizuri. Tutamngoja daktari. Na kama ni mmoja wa wale wawili, wewe utamwambia Doña Elvira, si mimi. Na utakuwa umehama shamba hili kabla nyama haijapoa."

"Nitamwambia mimi," Anselmo alisema.

Wakangoja. Nyama ikaiva, ikakauka, ikaanza kuungua, hakuna aliyeigeuza. Haydée alikuja na kibuyu cha chai, akatazama nyuso, akatazama kamba mapajani mwa Zurdo, akamwekea mumewe mrija mkononi bila swali. Anselmo akanyonya mara moja tu. Kisha akaenda ukutani kwa wale wawili.

Aliwatazama mmoja mmoja kama mtu anayetafuta uso wa maiti wake kati ya maiti wengi. Huyu ana kwato zilezile zenye mistari. Yule ana namna ileile ya kulaza sikio moja. Akarudi kwa yule mdogo: shingo. Akaenda zizini kwa yule wa baka: baka. Kila aliyemtazama kwa muda wa kutosha aligeuka akawa Chimango, na hilo ndilo lililomwogopesha. Miaka yote ile alidhani anaona farasi. Leo alikuwa anaona anachotaka.

"Kama umemkata tena," Haydée alisema karibu yake, kwa sauti ya chini, "tutakwenda kwa dada yangu. Nyumba yake kubwa."

"Si nyumba."

"Najua si nyumba."

Trekta likasikika kabla halijaonekana. Daktari Noemí Bruzzone alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika kiti cha dereva, tope hadi kiunoni, na kisanduku kifuani kama mtu anayevusha mtoto mtoni. Aliteremka, akaona madume wawili ukutani, akasimama.

"Mmeanza," alisema.

"Nilianza mimi," Anselmo alisema. "Sijui kama ni hao."

Hakumgombeza. Alitoa mashine, kitu kidogo kama pasi ya kusafiria, akaiwasha, akaenda moja kwa moja kwa dume wa kwanza aliyekatwa. Akaipitisha shingoni kushoto. Ikalia.

Anselmo alifumba macho.

"Namba si yake," Noemí alisema. "Huyu ni wa kawaida."

Wa pili. Akaipitisha kushoto, kimya. Kulia, kimya. Akarudi kushoto, chini zaidi, hadi begani. "Wakati mwingine hutembea," alijisemea. Kila mtu alikuwa amesogea bila kujijua, hata Zurdo, kamba imemning'inia mikononi. Noemí akapitisha mara ya tatu, mgongoni, kifuani, kila mahali. Hatimaye akanyanyua kichwa. "Huyu hana kabisa. Hakuwahi kutiwa. Si yeye."

Haydée alitoa pumzi kwa sauti.

"Huyu mdogo," Anselmo alisema upesi. "Mpime huyu. Shingo yake."

Noemí akampima mdogo. Ikalia, akasoma, akatikisa kichwa. Akaenda zizini kwa mwenye baka, akampima. Akatikisa kichwa.

"Si yeye?" alisema Rufino. "Wote wawili?"

"Si yeye."

Kicheko kilimtoka Zurdo kwanza, kama chafya, bila idhini yake. "Mzee! Mara mbili!"

Walibaki watano. Noemí aliwapima wanne wakiwa wamebanwa kwenye njia nyembamba ya mbao. Wa tano hakuwa amekuja na wenzake. Alikuwa langoni, mgongo amewapa watu, anatafuna kamba ya kufungia lango. Tangu kazi ilipoanza alikuwa palepale. Wamempita mara chungu nzima. Tumbo kubwa kama la jike mwenye mimba, manyoya yameshikana mafungu mafungu, hana unywele mmoja mweupe mwili mzima. Noemí alimwekea mashine shingoni, ikalia, akasoma, akasoma tena, akaigeuza ili Anselmo aone, ingawa namba haikumwambia Anselmo kitu.

"Huyu hapa," alisema. "Mzima."

Anselmo alitazama. Alitafuta mbio zile, sikio, shingo, chochote. Dume aliacha kamba, akamtazama yeye, akarudi kwenye kamba.

"Na mimi nisingemjua bila hii," Noemí alisema. "Usidhani."

Simu ya Doña Elvira ilikuja wakati huohuo, kwa daktari. Noemí akasikiliza, akampa Anselmo. Rufino alijifanya anatazama moto.

"Wameniambia kuna dhoruba imepita," ilisema sauti ya Buenos Aires. "Yupo?"

"Yupo, Doña Elvira. Mzima. Lakini nikueleze mimi mwenyewe. Nilimtenga mwingine nikasema ndiye, nikakata wawili, halafu nikaingiwa na shaka kwa mwingine asiye yeye. Kama tungeendelea, huyu naye ningemkata. Kwa mkono huuhuu."

Mbwa wa manjano alipiga miayo.

"Lakini hukuendelea."

"Sikuendelea. Nimekata kamba ya Zurdo."

"Mungu wangu," alisema Doña Elvira, kwa mara ya kwanza kama mtu aliyesikia habari mbaya. Kisha: "Anafanana naye?"

Anselmo akatazama tena lile tumbo.

"Hapana. Hafanani na mtu."

Alasiri kazi ilimalizwa, mashine ikipita kwanza shingoni, kisu kikifuata, na mbwa wakalipwa haki yao. Nyama iliyoungua ililiwa kwa kulaumiana. Anselmo alifungua kamba yake kwenye tandiko, ile aliyosafiri nayo kila mahali, akaiweka mapajani mwa Zurdo. Zurdo akaipima kwa pima za mikono, akaivuta, akainusa.

"Fupi."

"Fupi, ndiyo."

"Na inanuka Uingereza." Akaiviringisha begani pamoja na vile vipande viwili. "Nitachukua. Lakini utanisukia ya baba upya, hata ukitumia kipupwe kizima. Sawa, Mashine?"

Wote wakacheka, Rufino kwa sauti kuliko wote, kwa sababu alikuwa ameogopa kuliko wote. Hadi leo Roque Pérez ukimuulizia Anselmo Ludueña kuna watakaokutazama tu. Uliza Mashine, utaonyeshwa nyumba.

Walipoondoka Anselmo aliingia kwenye zizi la pembeni, ambako sasa alikuwa yule wa tano peke yake. Mluzi ulimjia midomoni, akaumeza. Alisimama tu, mikono chini, akangoja. Dume alimzunguka kwa mbali, kisha kwa karibu, akamnusa mfukoni, kiwikoni, akapandisha pua hadi begani.

Kisha akamng'ata.

Chimango hakuwahi kumng'ata mtu maisha yake yote. Anselmo alishika bega, akarukaruka kwa maumivu, akamtukana kwa lugha zote nne, kwa upole, na dume akamwelekezea masikio yote mawili kusikiliza.

Nje ya uzio, mbwa wa manjano, aliyekuwa amebaki akitumaini, alikaa kidogo zaidi, akaona hakuna kitu, akainuka akaenda zake.